Maswali ya Wasomaji: Pleti za klachi za pikipiki ya zamani

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Honda CG125 ambayo marehemu baba aliitumia alipokuwa bwana shamba huku Newala, na alipostaafu akauziwa. Ilikaa stoo muda mrefu. Sasa nimeifufua na inawaka vizuri. Tatizo ni kwamba nikibeba abiria au gunia la korosho na kuanza kupandisha mlima wa kuja Newala kutoka upande wa Masasi, injini inavuma kana kwamba nimeshika klachi, lakini mwendo hauongezeki. Fundi wa kijiweni amesema klachi imekwisha na kwamba atanifungia pleti za bodaboda ya kichina, kwa kuwa "zote hizo ni CG". Dukani kuna boksi lililoandikwa CG125 na jingine CG150, na bei zake zinakaribiana. Ninunue lipi?
Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Fundi wako hajakosea kuhusu ukoo wa pikipiki hizo, ila ukoo peke yake hautoshi kununulia spea. Honda iliingiza CG125 sokoni mwaka 1976 ikiwa na injini ambayo valvu zake husukumwa kwa fito, iliyobuniwa makusudi kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na kufanyiwa matengenezo kwa nadra. Baadaye viwanda vingi vya China viliinakili injini hiyo, ndiyo maana bodaboda nyingi zinazopita mbele ya nyumba yako zina injini inayofanana na ya pikipiki ya baba. Lakini kila kiwanda kilibadilisha hiki na kile kwa matakwa yake, na klachi ni mojawapo ya sehemu zilizoguswa sana, kwa sababu injini zilipokuzwa hadi ujazo wa cc 150 na 200 ilibidi pleti ziongezwe ili zihimili nguvu iliyoongezeka. Ndiyo sababu utakuta klachi za pleti 5, za pleti 6 na hata zaidi, zote zikiuzwa kwa jina la CG.

Maandishi ya kwenye boksi, basi, usiyape uzito mkubwa. Kinachoamua ni pleti zilizomo ndani ya injini yako leo, na hata hizo hazina budi kupimwa, kwa kuwa pikipiki ya umri huo, iliyopitia mikono ya mafundi wa idara na wa mitaani, inaweza kuwa na klachi ambayo siyo ile iliyotoka nayo kiwandani. Kuagiza kwa kutaja mwaka wa kutengenezwa tu ni kubahatisha.

Kabla hujafungua chochote, hakikisha kwanza kwamba pleti ndizo zenye kosa. Shika mkono wa klachi kwenye ncha yake: unatakiwa uwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kabla waya haujaanza kuvuta. Pikipiki nyingi ninazoletewa kwa madai kwamba "klachi imekwisha" hazina mchezo hata kidogo, kwa sababu mwenyewe amekuwa akiukaza waya kila mkono unapoanza kulegea, mpaka ikafika mahali ambapo pleti zinaachanishwa kidogo muda wote hata asipogusa mkono. Legeza waya, ujaribu kilima kile kile na mzigo ule ule. Jambo la pili ni oili. Ikiwa uliifufua pikipiki kwa oili ya gari iliyobaki kwenye dumu la jirani, baadhi ya oili hizo zina viungo vya kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta machache, na klachi inayofanya kazi ndani ya oili ya injini, kama yako, huishi kwa msuguano huo huo unaopunguzwa. Tafuta oili ya pikipiki ambayo kwenye chupa imeandikwa JASO MA (alama ya viwango vya Kijapani), au MA1, au MA2. Iliyoandikwa MB ni ya skuta zenye klachi kavu, iache dukani.

Kama baada ya hayo injini bado inavuma bure, mwaga oili, toa kiki na kava ya upande wa kulia, kisha ufungue klachi kwa mpangilio. Zipange pleti juu ya gazeti kwa mfuatano ule ule unaozitoa, ukiziangalia zilivyoelekea, kwa sababu katika klachi nyingine pleti ya mwanzo au ya mwisho hutofautiana na wenzake kwa upana wa lainingi (tabaka la msuguano lililobandikwa kwenye pleti) au kwa mkao wa meno. Futa moja kwa kitambaa kikavu na uitazame mwangani. Lainingi iliyo hai ina rangi moja na mifereji yake bado ina kina. Iliyoungua ni nyeusi, inang'aa, na ukiinusa harufu haitakuacha na shaka.

Sasa pima. Tumia venia (kipimo cha unene chenye taya mbili) ya chuma, si ya plastiki, na upime unene wa lainingi sehemu nne tofauti kuizunguka pleti. Usipime kwenye meno ya nje, kwa kuwa hapo hakuna lainingi na unene wake haubadiliki. Kwa CG125, pleti mpya huwa na unene wa mm 2.9 hadi 3.0, na ikifika mm 2.6 muda wake umekwisha. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uijumlishe: tuseme pleti ni 5 na kila moja imepungua mm 0.4, basi fungu zima limepungua mm 2, na hizo mm 2 ndizo ambazo springi zimeachiwa kujinyoosha, hivyo nguvu ya kukandamiza imeshuka wakati huo huo ambapo lainingi imechoka. Hapo mlima wa Newala hauna huruma.

Vipimo vya kuchukua kwenda navyo dukani ni kipenyo cha nje, kipenyo cha ndani, unene, idadi ya meno na upana wa jino moja. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika, na mimi nakiona kuwa ndicho kinachoharibu pikipiki nyingi za zamani. Jino likiwa jembamba kuliko nafasi yake kwenye nyumba ya klachi (kikombe kinachozibeba pleti), pleti itaingia vizuri na klachi itafanya kazi wiki ya kwanza, lakini kila unapokaza na kulegeza moto jino linapiga ukuta wa alumini, na baada ya muda linachimba vishimo ambavyo hakuna pleti mpya itakayovitibu. Kwa hiyo usiridhike na kulinganisha miduara tu. Ingiza pleti mpya kwenye nyumba ya klachi na uizungushe kwa vidole uone inacheza kiasi gani ukilinganisha na ile ya zamani.

Pleti za chuma zinazokaa katikati si lazima zibadilishwe, ingawa muuzaji atataka uchukue seti nzima. Laza kila moja juu ya kipande cha kioo cha dirisha na ujaribu kupitisha fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya mm 0.2 chini ya ukingo wake. Isipopita, na chuma hakina madoa ya bluu ya kuungua wala kutu iliyochimba, irudishe. Kwa pikipiki iliyolala stoo kutu ya juu juu ni jambo la kawaida na huondoka kwa msasa laini. Kutu iliyoacha vishimo itakula lainingi mpya kama tupa, hivyo pleti hiyo itupe.

Nikirudi kwenye maboksi yako mawili: nenda na pleti moja ya zamani mfukoni, omba yafunguliwe, na uilaze pleti yako juu ya mpya. Ikiwa vipimo vyote vinalingana, hakuna aibu yoyote kufunga pleti za bodaboda kwenye Honda ya mwaka wowote. Boksi la CG150 likiwa na pleti moja zaidi ya zako, na vipimo vikiwa sawa, unaweza kulinunua na kubakiza moja kabatini. Usichopaswa kufanya ni kuilazimisha hiyo ya ziada iingie kwa imani kwamba nyingi ni bora. Urefu wa fungu zima ukizidi ule wa awali, springi zitabanwa kupita kiasi na klachi haitaachia sawasawa. Pleti nyingi zaidi huongeza kweli uwezo wa klachi, kwa sababu kila moja ina nyuso mbili za msuguano, lakini hilo linafaa tu pale ambapo kitovu cha klachi (sehemu ya katikati inayoshikwa na pleti za chuma) na nyumba yake vilitengenezwa kwa idadi hiyo.

Fundi anaweza pia kukushauri ufunge klachi nzima ya bodaboda, pamoja na nyumba yake. Hilo linawezekana endapo tu gia kubwa ya nyumba hiyo inaendana na gia ndogo iliyoko kwenye krenki kwa idadi na ukubwa wa meno. Mwambie ahesabu mbele yako. Akisema "itaingia tu", chukua pikipiki yako.

Springi, kwa upande mwingine, nunua mpya zote kwa pamoja. Ni bei ndogo, na zilizofanya kazi miaka mingi zimefupika. Usikubali kuwekewa washa chini ya springi za zamani, wala springi "za mashindano" zilizo ngumu, kwa kuwa utaumia kiganja, utakata waya, na beringi ya kuachia klachi itakwisha kabla ya wakati wake. Na kwa kuwa kava imeshafunguliwa, safisha kichujio cha kuzunguka kilichoko kwenye ncha ya krenki upande huo huo, maana unga wa lainingi iliyoungua hujikusanya humo.


SWALI: Ndugu Mhariri, naandika kuhusu BSA Bantam ndogo niliyoirithi kwa mjomba, ambaye wazee wetu husema aliinunua wakati Wazungu wa mradi wa karanga walipokuwa wakiondoka Nachingwea. Pleti zake za klachi zina matundu yaliyojazwa vipande vya kitu kama kizibo cha chupa, na vingi vimeanguka. Kijana wangu aliyeko Dar es Salaam amepata muuzaji wa Uingereza mwenye pleti za aina hiyo na nyingine za kisasa zilizobandikwa lainingi. Nichague zipi, au fundi wa hapa achonge za bodaboda zikae?
Mstaafu, Lindi mjini

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Umri wa pikipiki unaafikiana na hadithi hiyo: BSA ilianza kuuza Bantam mwaka 1948, ikiwa imechukua ubunifu wa DKW RT125 ya Ujerumani kama sehemu ya fidia ya vita, na mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza ulianza mwaka 1947 ukafungwa mwaka 1951. Hata hivyo Bantam ziliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1971, kutoka modeli ya kwanza, D1, hadi zile za ujazo wa cc 175, na klachi zake hazikubaki zile zile. Kwa hiyo jambo la kwanza la kumtumia muuzaji ni namba ya injini na ya fremu, zisomeke vizuri kwenye picha, pamoja na picha ya pleti moja iliyolazwa kando ya rula. Muuzaji makini wa spea za Kiingereza hakuuzii pleti kabla hajaona namba hizo, asiyeziuliza mpite.

Hivyo vitu ulivyoviona ni kizibo kweli, gome la mti, lililopachikwa kwenye matundu ya pleti ya chuma. Sifa yake ni kushika kwa upole hata likiwa limelowa oili, na udhaifu wake ni joto: ukiteleza klachi kwa muda mrefu kwenye mchanga, linaungua na kubomoka. Za kisasa zilizobandikwa zinavumilia joto zaidi na hazidondoshi vipande ndani ya boksi ya gia. Ushauri wangu unategemea matumizi yako. Ikiwa unaitoa Jumapili kutoka Lindi mjini hadi Mnazi Mmoja na kurudi, peke yako, kwenye lami, vizibo vinatosha kabisa na vinaifanya klachi iwe laini kama ilivyokuwa siku zake. Ikiwa unataka kupanda nayo Rondo, chukua zilizobandikwa, ila uhakikishe urefu wa fungu zima unalingana na wa zamani, kwa sababu unene wa pleti za aina hizi mbili haufanani nyakati zote.

Njia ya tatu ipo, nayo ni nafuu: vizibo vyenyewe huuzwa vikiwa peke yake, na kazi ya kuvipachika haihitaji mashine kubwa. Huloweshwa kwenye maji ya moto hadi vilainike, husukumwa kwenye matundu vikiwa bado na unyevu, kisha vikikauka husawazishwa pande zote mbili kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, mpaka kila kimoja kiguse kwa usawa. Fundi mwenye subira ataifanya vizuri, mwenye haraka ataacha vitatu vimejitokeza na hivyo ndivyo vitakavyobeba kazi yote.

Kuchonga pleti za bodaboda sikushauri. Meno yakikatwa kwa tupa hayawi na mkao mmoja, matokeo yake pleti moja au mbili ndizo zinazobeba mzigo huku nyingine zikisindikiza. Pia mwambie fundi asitumie spana za milimita kwenye Bantam, kwa kuwa nati zake ni za vipimo vya Kiingereza na pembe zake zitaliwa.

Na kuna tahadhari moja, mzee wangu, ambayo inawahusu wote wenye pikipiki za miaka hiyo. Ukikuta mtu aliyekutangulia aliwahi kubandika lainingi ngumu ya kijivu, usiipige msasa ikiwa kavu wala usipulize vumbi lake kwa kompresa. Lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi hilo huharibu mapafu. Ifute kwa kitambaa chenye maji, uifunge kwenye mfuko na kuitupa.


SWALI: Habari fundi. Natumia Yamaha AG100 ya zamani kwenda shambani na kupeleka ufuta ghalani. Nilibadilishiwa pleti za klachi mwezi uliopita, na tangu hapo nikisimama gia haitaki kutoka, pikipiki inasukuma mbele hata nikishika klachi hadi mwisho, na asubuhi ikiwa baridi inaruka nikiingiza gia ya kwanza. Fundi anasema pleti ni ngeni, zitazoea. Je, ni kweli?
Mama mkulima, Nachingwea

JIBU: Nzuri, dada. Kuzoea kupo, lakini huwa ni kwa siku za mwanzo tu, siyo mwezi mzima. Maelezo yako yananifanya nishuku mambo mawili, na yote yanaanzia kwenye uchaguzi na ufungaji wa pleti. La kwanza ni kwamba zilifungwa zikiwa kavu. Lainingi mpya inatakiwa ilowekwe kwenye oili safi saa kadhaa, vizuri zaidi usiku kucha, kabla ya kufungwa. Ikifungwa kavu hujibandika kwenye pleti za chuma na mara nyingine huungua siku ya kwanza tu. La pili ni unene. Muulize fundi kama alipima fungu zima la zamani na jipya. Kama pleti mpya ni nene kuliko zako, hata kwa sehemu ndogo ya milimita kila moja, jumla yake inakula nafasi yote ambayo mkono wa klachi ulitakiwa kuifungua, na hakuna urekebishaji wa waya utakaoirudisha.

Akifungua tena, atazame vidole vya nyumba ya klachi. Vishimo vikiwa vya juu juu vinasawazishwa kwa tupa laini, kwa kiasi kile kile kila upande. Vikiwa na kina, nyumba ibadilishwe, kwa sababu meno ya pleti yananasa humo na kukataa kuachana. Pleti za chuma nazo zina ukingo mmoja wenye makali na mwingine wa mviringo kutokana na kukatwa kiwandani, na zote zinatakiwa zielekee upande mmoja.

Kuhusu oili, AG100 ni ya viharusi viwili, kwa hiyo oili ya klachi na gia ina mahali pake penyewe, mbali na ile ya tangi dogo inayokwenda kuungua na petroli. Nimeona watu wakimwaga ile ya 2T kwenye boksi ya gia kwa kudhani ni moja. Hapo weka oili ya pikipiki yenye alama ile ile ya JASO MA niliyomtajia kijana wa Newala, kwa kiasi kinachotakiwa, bila kuzidisha.


SWALI: Nimepata pleti za klachi za Honda za zamani, za kiwandani, ambazo ziko kwenye karatasi zake tangu duka la marehemu babu lilipofungwa. Zina umri mkubwa kuliko mimi. Nizifunge au ninunue mpya?
Kijana, Mikindani

JIBU: Kwa hapo pwani ninaogopa hewa ya chumvi kuliko umri. Fungua karatasi, utazame ukingo ambapo lainingi imebandikwa kwenye chuma, na uparuze kwa ukucha. Ikibanduka hata ganda dogo, au ukiona mstari wa kutu umepenya chini ya lainingi, gundi imekwisha kazi na itaachia yote siku injini itakapopata moto. Zikiwa safi, hazijapinda juu ya kioo, na vipimo ni vya pikipiki yako, ziloweke usiku kucha kwenye oili, uzikague tena asubuhi kama lainingi imevimba au imelainika, na kama haijabadilika uzifunge. Za namna hiyo nikizipata mimi huzifunga kabla ya kufikiria mpya za boksi lisilo na jina. Usichanganye tu, yaani nusu za babu na nusu za dukani, kwa kuwa lainingi zisizofanana hazishiki wala hazichakai kwa kasi moja.